Urefu wa Gari Haumo Kwenye Puto: Niliyowaambia Mafundi na Madereva Nyakato, Mwanza

Mlioshindwa kufika Jumamosi kwenye mazungumzo yangu ya kunyanyua magari mmenipigia simu mpaka mke wangu ameuliza kuna msiba gani. Basi nimeyaandika hapa niliyoyasema, karibu yote. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha, maana hata waliokuwepo hawakuziona vizuri kwa sababu ya jua. Nilianza kwa salamu ya Kisukuma.

Mwangaluka!

Mmeitikia vizuri. Mhola? Haya, mhola duhu.

Wazee wangu, mama zangu mlioleta magari yenu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokalia matairi huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze jambo moja tu, kunyanyua gari la 4x4 ambalo nyuma limekalia upepo. Koili, ile springi ya chuma iliyosokotwa, kila mtu hapa anaijua. Ukitaka gari lipande unaweka koili ndefu, au spesa, kile kipande cha kuongezea urefu, juu ya koili, unafunga, unakunywa chai. Upepo haufanyi hivyo. Upepo una akili yake.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Nikisema puto, nina maana ya ile springi ya raba iliyojazwa hewa, iliyokaa kati ya ekseli ya nyuma, lile bomba linaloshika matairi, na chesisi, ile fremu ya gari, mahali ambapo gari jingine lina koili. Wengi mnaiita eabegi. Sawa. Lakini kuna mama mmoja aliniletea Prado, nikamwambia, "Mama, eabegi ya nyuma kushoto imepasuka." Akashika kifua. "Fundi, mbona sijagonga mtu?" Alidhani ile ya kwenye usukani. Tangu siku hiyo nasema puto.

Na magari yenyewe ni yapi? Ni Prado 120, zile zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, za daraja la juu, tunazoletewa zikiwa zimetumika kutoka Japani. Ni baadhi ya Prado 150 zilizofuata. Ni ndugu zao wa Lexus, GX 470 na GX 460. Ni Discovery 2 ambazo mbele zina koili na nyuma zina puto. Mwenye Land Cruiser 100 yenye kitufe cha kupandisha na kushusha, nakuomba radhi: lako halina puto hata moja, linapanda kwa mafuta na gesi. Kaa nasi usikilize, lakini usiende kulipima nyumbani kwa maneno yangu ya leo.

Sasa nawauliza. Gari lenye puto, urefu wake uko wapi?

Nasikia mtu anasema kwenye puto. Mwingine anasema kwenye kompresa, ile pampu ya hewa. Hapana. Hapana kabisa. Urefu wa gari hili uko kwenye kijiti. Chini ya chesisi kuna sensa. Si ile ya watu ya mwaka 2022, ni kidude chenye mkono mdogo, na mkono huo umeungwa na ekseli kwa kijiti chembamba kama kalamu. Ukipakia magunia, chesisi inashuka, inasogelea ekseli, kijiti kinausukuma mkono. Kompyuta inasoma: tumeshuka. Inaamsha kompresa, hewa inaingia, gari linapanda mpaka mkono urudi pale ulipozoea. Ukishusha magunia, gari linaruka juu, kompyuta inasoma: tumezidi. Inafungua vali, hewa inatoka, tunarudi palepale. Gari hili lina kumbukumbu. Linakumbuka urefu wake kama ng'ombe anavyokumbuka njia ya zizini.

Kijana mmoja, fundi, tena mzuri wa injini, aliletewa Prado 120. Mwenye gari alitaka lipande sentimita tano, mbele na nyuma. Mbele akaweka koili ndefu, safi. Nyuma akachonga spesa mbili za plastiki ngumu, kila moja sentimita tano, akaziweka chini ya puto. Kazi nzuri, hata kingo alizipiga msasa. Gari likashushwa kwenye jeki, nyuma iko juu, mwenye gari anapiga picha. Wakawasha injini waondoke. Ile nyuma ikaanza kushuka. Tss, tss, taratibu, mbele ya macho yao, kama mtu anayekaa kwenye kiti. Ikashuka sentimita tano zote. Mbele juu, nyuma chini, taa zinaangalia mwezi.

Kijana akaniambia, "Mzee, puto zinavuja." Nikamjibu, puto zako ni nzima, ni kijiti ndicho hakijaambiwa. Spesa iliinua chesisi, sensa ikaona tumezidi, kompyuta ikatoa hewa kwa uaminifu wote. Spesa bila kijiti ni bure. Nalirudia kwa walioko nyuma: spesa bila kijiti ni bure!

Basi mtu akisikia hivi anakimbilia upande wa pili. Anasema, kama urefu uko kwenye kijiti, spesa ya nini? Nibadilishe kijiti, au nihamishe kishikizo cha sensa, gari lipande lenyewe kwa hewa yake. Na kweli linapanda! Kwa dakika kumi na spana ya namba 10 unaweza kunyanyua nyuma ya gari la mamilioni. Ndiyo maana inavutia. Na hapa ndipo nataka tukae, msinikimbie, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Puto limetengenezwa lifanye kazi katikati ya mwendo wake. Katikati, lina nafasi ya kubonyea gurudumu likipanda jiwe, na lina nafasi ya kurefuka gurudumu likitumbukia shimoni. Ukilidanganya kwa kijiti likakaa juu muda wote, umekula ile nafasi ya kurefuka. Kisha kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Puto likikaribia kurefuka mwisho, linanyauka kiunoni. Mzigo ni uleule, uzito wa gari haujabadilika, lakini eneo linalobeba limepungua. Kwa hiyo presha inapanda. Gari linakuwa gumu, abiria wa nyuma wanarushwa, kompresa inafanya kazi kuliko ilivyopangiwa. Mwenye gari anakuja kusema shokapu zimekufa. Hazijafa. Amekalia mpira wa miguu uliojazwa kupita kiasi.

Sentimita moja na nusu, mbili, kwa kijiti peke yake? Mimi nimefanya na sijajuta. Sentimita tano kwa kijiti peke yake? Usiniite.

Sasa nitawasimulia aibu yangu mwenyewe, maana si haki kusimulia za vijana tu. Miaka ya nyuma mteja mmoja wa ng'ambo ya Busisi, wakati huo bado tunavuka kwa kivuko, alichoka bampa yake ya nyuma kukwaruza pale kwenye mlango wa kivuko kila safari. Mnakumbuka jinsi gari refu la nyuma lilivyokuwa linasaga pale? Leo kuna daraja la kilomita tatu, watu wanapita wakila mahindi, wamesahau. Akasema, fundi, ninyanyulie nyuma. Nikamwekea kijiti. Na kwa sababu nilijua shokapu zake za zamani zingebana, nikamwekea shokapu ndefu, nzuri, za gharama. Nikajisifu. Alikwenda wiki mbili. Siku moja ananipigia akiwa barabara ya vumbi kuelekea Buchosa, gurudumu limeingia kwenye mtaro, amesikia mlio kama risasi, nyuma imelala upande mmoja.

Nilipofika nikakuta puto limeng'oka kwenye kikalio chake na raba imechanika pembeni. Kwa nini? Nani ataniambia kwa nini?

Huyo bwana mwenye ovaroli ya bluu amepata. Shokapu. Ndugu zangu, kwenye gari hili shokapu hazizuii mtikisiko tu. Shokapu ni kamba ya mbuzi. Gurudumu likining'inia, shokapu ndiyo inayosema, mwisho hapa. Waliotengeneza gari waliipima kamba ile ikomeshe mwendo kabla puto halijafika mwisho wake. Mimi nikairefusha kamba, mbuzi akafika kwenye shamba la watu. Kazi ya kuzuia ekseli ikahamia kwa puto, na puto si kamba. Nililinunua puto jipya kwa fedha yangu. Yule mteja bado ni mteja wangu, lakini kila akija anapiga kwanza magoti kuangalia chini kabla hajanisalimia.

Kwa hiyo, kazi ya sentimita tano inafanywaje? Spesa na kijiti na shokapu vinakwenda pamoja, kama mafiga. Spesa inarudisha puto katikati ya mwendo wake, kijiti au kishikizo kinaiambia kompyuta kwamba huu ndio urefu mpya, na shokapu inarefuka kwa kiasi kile tu ambacho spesa imetoa. Umeweka spesa ya milimita 50? Shokapu isizidi ile ya zamani kwa zaidi ya milimita 50 ikiwa imefunguka. Na upande wa kubonyea nao usiusahau: spesa imechukua nafasi, kwa hiyo gurudumu likipanda sana, puto litasagika kati ya vyuma kabla raba ya kizuizi haijagonga. Raba ile nayo ishushwe. Wengi wanaiacha, kisha baada ya miezi minne wanalaumu duka lililowauzia puto.

Kuna swali ambalo huwa naulizwa: kijiti kirefu ndicho kinapandisha, au kifupi? Msikariri! Kuna gari ambalo mkono wa sensa umetazama huku, kuna jingine umetazama kule. Kwenye moja kijiti kirefu kinapandisha, kwenye jingine kijiti hichohicho kitalilaza gari kama mbwa. Fungua kijiti upande mmoja, usukume mkono kwa kidole milimita chache tu, injini ikiwa inawaka na kichwa chako kikiwa nje ya gari, usikilize kompresa. Gari lenyewe litakuambia. Na zikiwa sensa mbili, kushoto na kulia, vijiti vilingane sawasawa. Nimeona gari lililokuja likiwa limeinama kama mzee mwenye fimbo, na kosa lote lilikuwa nati moja iliyozungushwa mara tatu upande wa kulia.

Kupima nako, jamani. Usipime kutoka ardhini. Tairi lenye upepo mdogo litakudanganya, sakafu zetu nazo tunazijua. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake. Pima kabla hujagusa hata bolti moja, pande zote nne, andika kwenye ubao wa gereji, siyo kichwani.

Sasa niwageukie wenye magari, maana mafundi nimewachosha. Mama yangu, baba yangu, unataka kunyanyua gari kwa nini?

Sisemi usinyanyue. Nauliza kwa nini. Wengi watanijibu: matope. Na hapa kwetu jibu hilo lina maana. Ukienda Kwimba, ukienda Magu upande wa ndani, unaijua ile mbuga, udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa mkono unaingia, masika unashika tairi kama ugali wa muhogo. Luseni, ule mchanga wetu, ukinasa unatoka. Mbuga ikikunasa unalala.

Mfanyabiashara mmoja wa mpunga alinyanyua gari lake kwa kazi safi kabisa, haikuwa yangu lakini ilikuwa safi, spesa na kila kitu. Masika ya kwanza akanasa palepale alipokuwa ananasa zamani. Mtaro uleule, wanakijiji walewale wakaja na majembe, bei yao ileile. Akanijia amekasirika. Nikamwambia, mzee, njoo tuchungulie chini. Hebu niambie, difu yako, lile bonge la giya katikati ya ekseli, imepanda?

Difu haikupanda. Nataka mtoke hapa na hilo hata kama mtasahau mengine yote. Nyuma, ekseli ni bomba moja lililokalia matairi. Ukinyanyua springi, iwe puto, iwe koili, unanyanyua bodi, unanyanyua chesisi, unanyanyua bampa na ngazi za pembeni. Difu inabaki pale pale, maana imebebwa na tairi, haikubebwa na springi. Kitu kinachoinua difu ni tairi peke yake. Na tairi linainua kidogo kuliko mnavyodhani. Prado nyingi zina tairi za 265/65 rimu 17. Ukienda 265/70 rimu ileile, tairi linakua kwa kama milimita 26 kutoka chini hadi juu. Difu imekaa katikati, inapata nusu yake. Milimita 13! Upana wa kidole changu hiki. Na spidi yako nayo imehama: mshale ukisema 100, wewe uko kwenye 103 na kitu.

Yule mzee nikamshauri anunue tairi za matope zenye meno, apunguze upepo kabla ya kuingia mbugani, na abebe kompresa ndogo ya kurudishia. Kunyanyua kulimsaidia mahali pengine, kwenye majaruba ambako kingo zilikuwa zinakwaruza tumbo la gari. Hapo fedha yake haikupotea. Kwenye mbuga ilipotea.

Mbele nitapita haraka, maana mbele si habari ya puto, na kila mmoja wenu ana fundi wake wa mbele anayemwamini. Ila mjue kwamba Prado mbele kila gurudumu lina mikono yake. Spesa ya milimita 25 juu ya shokapu inatoa karibu mara mbili yake kwenye gurudumu, kwa sababu ya mkono kuwa na egemeo. Watu wanaweka spesa ya 50 wakitegemea 50, wanapata jirafu, na draivu shafti inapinda pembe mpaka raba zake zinachanika. Baada ya kunyanyua ni lazima alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, lazima, siku ileile. Usukani utatangatanga, tairi zitaliwa upande. Na taa zishushwe, tafadhali. Anayekuja kutoka Lamadi saa mbili usiku hana kosa lolote. Tena, waambieni watu wa bima kabla, kwa maandishi.

Chini nyuma kuna vitu vidogo vinavyosahaulika. Kuna hozi ya breki, waya wa ABS, kebo ya breki ya mkono, bomba la hewa lenyewe. Mimi huwa nafungua shokapu, naacha ekseli ining'inie taratibu juu ya jeki, nachungulia nini kinavutika kwanza. Kitakachovutika kwanza ndicho kitakachokatika kwanza. Kuna pia ile fimbo ndefu inayoshika ekseli isiende pembeni; ukinyanyua, inavuta ekseli nzima upande mmoja milimita chache, ukisimama nyuma ya gari utaona tairi moja limechungulia. Kuna fimbo za kurekebisha urefu, zinauzwa. Na kwa sisi wa ziwani: pumuo la difu. Bomba lile dogo lirefushwe lipande juu. Kuna watu wanarudisha mitumbwi majini kwa gari, ekseli inazama ikiwa ya moto, inapoa ghafla, inavuta maji ndani. Ukifungua difu unakuta chai ya maziwa.

Nimefika kwenye lile mnalobishania tangu asubuhi, nimewasikia. Tuzitoe puto tuweke koili, au tusizitoe?

Mafundi wengi watakwambia toa. Najua kwa nini. Koili hazivuji, hazina waya, hazina kompyuta, na hakuna mteja wa kukuamsha saa kumi na moja asubuhi kwamba gari limelala chini. Mimi mwenyewe nimezitoa kwenye magari mengi. Lakini siwezi kukubali tuseme toa kabla hatujajua linabeba nini.

Kuna mama mmoja anafuata dagaa na sangara mwaloni Kirumba. Anaenda mtupu, anarudi amejaa, na sangara wa kwenye barafu ana uzito, maji yake nayo yana uzito. Fundi mmoja, simtaji, alimtolea puto akamwekea koili ngumu za kunyanyua. Akirudi na mzigo gari lilikuwa zuri. Akienda mtupu, alisema, anahisi kama amepanda punda anayekimbia kwenye mawe. Na zile koili zilikuwa fupi kuliko shokapu. Siku moja gurudumu lilining'inia, koili moja ikatoka kwenye kikalio chake ikalala juu ya ekseli. Ni bahati tu kwamba alikuwa anatembea polepole. Gari kama la huyu, linalobeba leo na kesho halibebi, ndilo puto lilibuniwa kwa ajili yake. Lake tulilirudishia puto.

Mwenye gari linalobeba uzito uleule kila siku, mfano watalii na vifaa vyao kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, mimi namwambia weka koili, zipimwe kwa uzito huo, ulale usingizi. Kule ndani puto likipasuka utalitoa wapi? Ila kazi ifanywe yote: vikalio vya koili, shokapu zinazolingana nazo, na mfumo wa hewa uzimwe kwa utaratibu, taa ya dashibodi ishughulikiwe. Kukata waya na kuziba taa kwa plasta nyeusi si ufundi. Nimeiona plasta hiyo, na nimemtambua aliyeiweka kwa namna anavyokata.

Na kama koili zipo tayari na unataka vile viputo vidogo vya kuingia katikati ya koili kusaidia mzigo, fahamu kwamba navyo vina urefu wake. Gari likinyanyuliwa, kiputo cha zamani kinakuwa kifupi, kinacheza, kinasagika. Kuna vya magari yaliyonyanyuliwa, nunua hivyo. Vingi vinataka kati ya pauni 5 na 35 za upepo, si za tairi. Nimekuta kimoja kimejazwa 60 kwenye kituo cha mafuta. Kilipasuka mchana wa jua, gari likiwa limeegeshwa, mlinzi akalala chini akidhani ni majambazi.

Nimalizie na kitu ambacho ningekianza nacho kama ningekuwa na akili. Usiingie chini ya gari hili kwa kuliamini puto. Kwenye Prado kuna kitufe cha kuzima mfumo wa urefu. Kizime kabla ya jeki. Ukipandisha gari mfumo ukiwa hai, mfumo wenyewe unaona gari limezidi urefu, unamwaga hewa, wewe uko chini unatafuta spana. Stendi mbili za chuma chini ya chesisi, siyo tofali, siyo gogo la mwembe. Na ukimaliza, usishushe gari juu ya puto lililonywea. Raba inajikunja vibaya, inabanwa, inakatika pale palipokunjika. Shusha kidogo, washa, acha hewa iingie, shusha tena kidogo. Kisha povu la sabuni kwenye maungio yote ya bomba. Likitoa mapovu, linavuja, hata kama hulisikii. Uvujaji mdogo ndio unaoua kompresa, kwa kuifanya iwake mara kwa mara.

Ah, na mchanga. Puto linajikunja kama soksi, na mchanga wetu wa ufukweni unaingia kwenye ile mikunjo unaisaga. Mnaoosha magari pale ziwani, pigeni maji hapo kwenye mikunjo, gari likiwa limepandishwa juu kabisa. Hamlipwi kwa hilo, najua. Pigeni tu.

Maswali mnayo, nayaona machoni. Lakini hapo nje chini ya mwembe kuna Prado 120 ya kaka mmoja, ameniambia ilinyanyuliwa sehemu fulani mwezi uliopita na nyuma inalia kila akipita kwenye rasta za Buzuruga. Sijaigusa wala sijaichungulia. Kijana, lete jeki na zile stendi mbili. Kaka, kitufe umekizima? Hebu nenda ukakizime kwanza. Na nani ana tochi?